Somo la Kumi na Mbili: Kuweka Beringi Mpya Katika Injini Ndogo



Katika somo lililopita ulisoma juu ya kubadilisha oili ya injini. Leo tutasoma juu ya beringi. Ni kitu kidogo kinachotosha kiganjani. Lakini kikiharibika, injini nzima husimama.

Soma somo hili polepole. Soma mara ya kwanza ili uelewe. Soma mara ya pili ukiwa na wenzako. Siku ya kazi, weka kitabu hiki karibu na mikono yako.

1. Makosa mawili

Nitaanza na habari ya makosa. Moja ya makosa hayo ni langu mwenyewe.

Kikundi cha darasa letu la kisomo kilikuwa na mashine ya kupukuchua mahindi. Mashine ilizungushwa kwa mkanda na injini ndogo ya petroli yenye nguvu za farasi tano na nusu. Wakati wa mavuno watu walileta mahindi yao kutoka vitongoji vyote. Fedha iliyopatikana ililipia petroli, na iliyobaki iliwekwa kwa ajili ya mbolea.

Msimu mmoja, katikati ya mavuno, injini ilianza kunguruma vibaya. Tulisema, "Itamaliza wiki hii." Haikumaliza. Beringi ilivunjika.

Mzee mmoja wa kikundi alitumwa mjini. Aliondoka alfajiri kwa lori. Hakuchukua beringi ya zamani. Dukani alisema, "Nataka beringi ya injini ndogo." Alipewa beringi. Alilipa, akarudi usiku.

Asubuhi tulikusanyika. Mama mmoja, ambaye mwaka uliotangulia hakujua kusoma hata jina lake, alizishika beringi zote mbili. Aliziangalia kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, hii ya zamani imeandikwa 6205. Hii mpya imeandikwa 6204. Je, ni kitu kimoja?"

Haikuwa kitu kimoja. Ile mpya ilicheza ndani ya tundu kama punje ndani ya kibuyu. Nauli na siku nzima vilikuwa vimepotea. Mzee alisikitika sana. Tulimwambia, "Mzee wetu, usijilaumu. Hakuna aliyekuandikia namba."

Alirudi mjini na namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Safari hii alileta beringi iliyo sawa. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Beringi ilikataa kuingia katika tundu. Nilisema, "Piga kwa nguvu, itaingia tu." Kijana alipiga kwa nyundo. Beringi iliingia upande mmoja, ikasimama mshazari. Alipiga tena. Tulisikia mlio kama wa chungu kinachopasuka. Kifuniko cha injini kilikuwa kimepata ufa.

Kupata kifuniko kingine kulichukua muda mrefu. Wakati huo wote mahindi yalipigwa kwa fimbo ndani ya magunia, kama zamani. Akina mama walifanya kazi hiyo hadi usiku. Mimi nilikuwa na cheti changu cha ualimu, lakini sikujua kitu kimoja: chuma hutanuka kwa joto. Au tuseme nilikijua kwenye ubao, lakini sikukijua kwenye kazi.

Ndiyo sababu nimeandika somo hili.

2. Beringi ni nini?

Shafti ni mti wa chuma unaozunguka ndani ya injini. Shafti ikizunguka ndani ya tundu tupu, chuma kitasugua chuma. Kitapata moto na kulika. Kwa hiyo tunaweka beringi katikati.

Beringi ya gololi ina sehemu nne:
(a) Pete ya nje. Hii hukaa ndani ya tundu.
(b) Pete ya ndani. Hii hushika shafti.
(c) Gololi. Hizi hubingirika kati ya pete mbili.
(d) Kishikizo cha gololi. Hiki huzitenganisha gololi ili zisigongane.

Pete ya nje hukaa palepale. Pete ya ndani huzunguka pamoja na shafti. Gololi hubingirika. Kitu kinachobingirika ni chepesi kuliko kitu kinachoburutwa. Hata pipa la mafuta mtu mmoja aweza kulibingirisha, lakini hawezi kuliburuta.

Gololi na pete zimetengenezwa kwa chuma kigumu na laini sana. Ukizigonga vibaya, hupata vishimo vidogo. Huwezi kuviona kwa macho. Lakini gololi ikipita juu ya kishimo mara elfu nyingi, kishimo huwa kikubwa. Beringi iliyogongwa vibaya leo hufa baada ya muda mfupi.

3. Kusoma namba ya beringi

Futa ubavu wa beringi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Utaona namba. Ukiijua namba hii, hakuna atakayekuuzia kitu kingine.

Angalia mifano hii. Vipimo vyote ni milimita.

Namba 6203: tundu la ndani 17, upana wa nje 40, unene 12.
Namba 6204: tundu la ndani 20, upana wa nje 47, unene 14.
Namba 6205: tundu la ndani 25, upana wa nje 52, unene 15.
Namba 6206: tundu la ndani 30, upana wa nje 62, unene 16.

Sasa angalia tarakimu mbili za mwisho. Kuanzia 04 na kuendelea, zidisha kwa 5. Utapata upana wa tundu la ndani.

Mfano: 6204. Tarakimu za mwisho ni 04. 4 × 5 = 20.
Mfano: 6205. Tarakimu za mwisho ni 05. 5 × 5 = 25.

Namba 6203 haifuati hesabu hii. Tundu lake ni milimita 17.

Baada ya namba huenda kuna herufi. Nazo zina maana:
ZZ ni beringi yenye vifuniko vya bati pande zote mbili.
2RS ni beringi yenye vifuniko vya mpira pande zote mbili.
C3 ni beringi iliyoachiwa nafasi kubwa kidogo kati ya gololi na pete. Beringi za injini nyingi ni za namna hii, maana injini hupata joto na chuma hutanuka.

Beringi ya shafti ndani ya injini ndogo kwa kawaida haina vifuniko. Oili ya injini hurukia humo na kuilainisha. Basi nunua iliyo kama ile ya zamani, kwa namba na kwa herufi.

Unapokwenda dukani, fanya mambo matatu. Andika namba kwenye karatasi. Chukua beringi ya zamani. Dukani, soma namba ya beringi mpya kabla ya kulipa. Usisome boksi peke yake. Soma chuma chenyewe.

4. Dalili za beringi mbovu

Zima injini. Toa waya wa plagi. Toa mkanda. Kisha chunguza:
(a) Shika ncha ya shafti. Itikise juu na chini. Ikicheza kwa kugonga, beringi imelika.
(b) Zungusha shafti polepole kwa mkono. Ukisikia kukwaruza kama mchanga, beringi ni mbovu.
(c) Angalia kama oili inavuja pale shafti inapotokea.
(d) Mwaga oili kidogo kwenye sahani nyeupe. Ukiona chembe za chuma zinazometameta, kuna kitu kinachosagika ndani.

Ukiona dalili hizi, usingoje mavuno yaishe. Beringi inayovunjika injini ikiwa katika mwendo huweza kuharibu shafti na kifuniko pia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

5. Vitu vinavyohitajika

Mafundi wa mjini wana mashine ya kukandamizia beringi na chombo cha kuivutia. Sisi hatuna. Tutatumia vitu hivi:
- spana za bolti za injini, na bisibisi
- nyundo, na kipande cha ubao mgumu
- debe moja tupu lenye mfuniko wa bati, na jiko la mkaa
- mawe matatu madogo yanayolingana
- kipande kifupi cha bomba la chuma
- mafuta ya taa na vitambaa safi visivyoacha nyuzi
- beringi mpya, sili mpya ya oili, na gaskiti mpya
- oili mpya ya injini
- daftari na kalamu

Usitumie sufuria ya kupikia. Oili ya injini ni sumu. Debe likitumika kwa kazi hii, lisirudi jikoni.

Kwa beringi ya 6205, bomba la maji la inchi moja na nusu linafaa. Mdomo wake hukaa juu ya pete ya nje bila kugusa pete ya ndani. Mdomo uwe umekatwa sawasawa. Ulainishe kwa tupa, kisha uuoshe.

6. Kufungua injini

Fanya kazi mahali safi pasipo na upepo wa vumbi. Tandika gunia safi au karatasi. Chembe moja ya mchanga ndani ya beringi ni adui mkubwa kuliko nyundo.

Kwanza: Injini ipoe kabisa. Toa waya wa plagi. Funga petroli, toa tangi na uliweke mbali. Jiko la mkaa lisiwashwe kabla petroli haijaondolewa, na liwe mbali na injini. Petroli hutoa mvuke usioonekana. Mvuke huo hutambaa chini na kushika moto kutoka mbali.

Pili: Mwaga oili yote ndani ya chombo. Usiimwage ardhini wala kisimani.

Tatu: Toa mkanda na puli. Puli ikikataa, usiipige kwa nyundo. Paka oili ya kupenya, ngoja, kisha ibanjue kidogo kidogo pande mbili kwa wakati mmoja. Tunza kile kipande kidogo cha chuma kinachozuia puli isiteleze.

Nne: Simamisha injini ili kifuniko cha ubavuni kiwe juu. Ukiifungua ikiwa imelala, vyombo vya ndani vitaanguka na hutajua vilivyokaa.

Tano: Legeza bolti za kifuniko kwa msalaba. Yaani legeza moja, kisha iliyo mkabala nayo. Chora duara katika daftari na uandike mahali pa kila bolti. Kama kuna mwenye simu ya kupiga picha, apige picha katika kila hatua.

Sita: Gonga kifuniko taratibu kando kando kwa ubao. Kikilegea, kiinue wima. Usichomeke bisibisi kati ya kifuniko na injini. Ukikwaruza hapo, oili itavuja.

Saba: Tazama ndani. Utaona magurudumu mawili yenye meno. Moja liko kwenye shafti. La pili huendesha valvu. Kila moja lina alama ndogo ya nukta au mstari. Geuza shafti mpaka alama mbili zitazamane. Ziandike katika daftari. Kisha usiguse tena. Alama hizi zikipishana, injini haitawaka vizuri, au haitawaka kabisa.

Sasa tazama beringi iko wapi. Mara nyingi hubaki ndani ya kifuniko. Tutaanza na hali hiyo.

7. Kwa nini tunatumia joto?

Tundu la beringi limetengenezwa dogo kidogo ili liibane beringi. Ndiyo maana beringi haiingii kwa mkono. Nyundo hulazimisha. Joto hushawishi.

Umewahi kuona kifuniko cha bati cha chupa ya asali kikikataa kufunguka? Ukikimwagia maji ya moto, kinalegea. Kifuniko kimetanuka, na tundu lake limetanuka pamoja nacho. Wengine hudhani tundu likipata joto hujaa na kuwa dogo. Sivyo. Tundu hukua pamoja na chuma kinacholizunguka.

Kifuniko cha injini ndogo hutengenezwa kwa aluminiamu. Beringi ni ya chuma. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Tundu la milimita 52 likiongezewa joto la nyuzi 80, hupanuka kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kidogo. Ni kama unene wa karatasi moja ya daftari hili. Lakini karatasi hiyo moja ndiyo tofauti kati ya beringi inayoteleza na kifuniko kinachopasuka.

8. Kutoa beringi ya zamani

Kwanza toa sili ya oili kwa bisibisi, bila kukwaruza tundu. Ondoa gaskiti ya zamani, lakini usiitupe. Itakuwa kipimo cha kukatia mpya. Gaskiti mpya iwe na unene uleule.

Osha kifuniko kwa mafuta ya taa. Kifute mpaka kikauke kabisa na mafuta ya taa yawekwe mbali. Kisha kitumbukize katika debe la maji yanayochemka. Kiache dakika kumi na tano. Uzuri wa maji ni kwamba hayapiti nyuzi 100. Hayawezi kuunguza kifuniko.

Vaa viatu. Shika kifuniko kwa vitambaa vinene na vikavu. Kitambaa kilicholowa hupitisha joto mara moja na utaachia. Kitoe, kigeuze, ukigonge juu ya ubao mara moja au mbili. Mara nyingi beringi itaanguka yenyewe.

Isipoanguka, rudia maji ya moto. Kisha igonge kutoka upande wa nje kwa kipande cha mti mgumu, huku na huku, ili itoke sawasawa. Vaa miwani. Beringi ya zamani unaweza kuigonga popote, maana hutaitumia tena. Lakini ile mpya ina sheria yake.

Usitumie moto wa kuni moja kwa moja juu ya kifuniko. Moto hupasha upande mmoja, na kifuniko hupinda.

Beringi ikitoka, kausha kifuniko vizuri na ulipake tundu oili nyepesi. Chunguza tundu. Kama lina mikwaruzo mirefu, au kama beringi mpya inaingia na kucheza bila joto, tundu limelika. Usiweke kipande cha bati wala karatasi. Hapo kazi ni ya fundi mwenye mashine, au kifuniko kipya. Kujua mahali pa kusimama pia ni ufundi.

9. Kuingiza beringi mpya

Sheria kubwa ya somo hili ni hii. Iandike katika daftari lako kwa herufi kubwa:

GONGA PETE INAYOBANA.

Beringi ikiingia ndani ya tundu, inayobana ni pete ya nje. Gonga pete ya nje tu. Beringi ikiingia juu ya shafti, inayobana ni pete ya ndani. Gonga pete ya ndani tu. Ukigonga pete isiyobana, nguvu hupita katika gololi na kuzitoboa pete vishimo.

Sasa fuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Iache beringi ndani ya karatasi yake ya duka. Kama kuna duka lenye friji ya barafu, omba waiweke humo usiku kucha. Beringi itasinyaa kidogo. Usipopata friji, usihuzunike. Joto la kifuniko peke yake linatosha mara nyingi.

Hatua ya 2. Futa tundu. Weka mawe matatu ndani ya debe kavu. Weka kifuniko juu ya mawe, tundu likitazama juu. Funika debe. Weka mkaa chini, na makaa machache juu ya mfuniko, kama vile unavyooka keki.

Hatua ya 3. Pima joto kwa tone la maji. Dondosha tone moja kando ya kifuniko, mbali na tundu. Tone likikaa kimya, bado. Tone likichemka na kukauka papo hapo, joto limefika. Tone likirukaruka na kukimbia kama gololi, joto limezidi sana. Toa kifuniko, acha kipoe kidogo.

Hatua ya 4. Andaa kila kitu kabla ya kutoa kifuniko. Ubao uwe chini. Bomba na nyundo viwe mkono wa kulia. Msaidizi awe tayari. Ukianza, huna nafasi ya kutafuta kitu. Kuandaa kuchukue muda mrefu, kuingiza kuchukue pumzi tano.

Hatua ya 5. Weka kifuniko juu ya ubao, tundu juu. Toa beringi katika karatasi yake. Upande wenye namba uelekee kwako, ili anayefuata aweze kuisoma. Iweke juu ya tundu ikiwa sawasawa, kama mfuniko juu ya chungu. Iachie. Itashuka yenyewe na kutoa mlio mfupi inapofika chini.

Hatua ya 6. Ikisimama njiani, weka bomba juu ya pete ya nje. Gonga polepole juu ya bomba. Ikienda mshazari, acha mara moja. Usiongeze nguvu. Pasha kifuniko tena, itoe, anza upya. Hakuna aibu kuanza upya. Aibu ni ufa.

Hatua ya 7. Beringi ikifika, ikandamize kwa bomba kwa dakika moja mpaka tundu libane. Acha kifuniko kipoe chenyewe. Usikimwagie maji.

Hatua ya 8. Kikipoa, tia matone ya oili safi. Zungusha pete ya ndani kwa kidole. Izunguke kimya na laini.

10. Kama beringi imebaki kwenye shafti

Hapa mambo hugeuka. Sasa beringi mpya ndiyo itapashwa joto, ili tundu lake la ndani litanuke.

Kuitoa ya zamani, ibanjue pande mbili kwa vyuma viwili bapa, kidogo kidogo. Usipige ncha ya shafti. Ikikataa kabisa, mpelekee fundi mwenye chombo cha kuvutia. Shafti ni ghali kuliko kazi ya fundi.

Kuweka mpya, tia oili safi katika kopo. Ining'inize beringi kwa waya ndani ya oili, isiguse chini ya kopo. Kisha liweke kopo ndani ya debe la maji yanayochemka. Maji yatapasha oili, na oili itapasha beringi bila kuiunguza. Usiweke kopo la oili moja kwa moja juu ya moto. Oili huweza kulipuka kwa moto. Maji yasiingie ndani ya oili.

Baada ya nusu saa, toa beringi kwa waya na uiteremshe juu ya shafti bila kusita. Ikisimama njiani, tumia bomba jembamba linalogusa pete ya ndani tu. Beringi yoyote isipashwe zaidi ya nyuzi 120. Yenye vifuniko vya mpira isizidi nyuzi 80. Kwa hiyo maji yake yawe ya moto, lakini yasichemke.

11. Kufunga injini

Paka sili mpya oili. Upande wenye chemchemi ndogo uelekee ndani kwenye oili. Igonge kwa ubao bapa mpaka ilingane na ile ya zamani ilivyokaa.

Funga karatasi laini kwenye ncha ya shafti, pale penye mfereji. Makali ya mfereji huo hukata mdomo wa sili. Ondoa karatasi baada ya kifuniko kupita.

Weka gaskiti mpya. Tazama tena zile alama mbili. Je, bado zinatazamana? Vizuri. Teremsha kifuniko wima. Kikikataa kukaa, usikivute kwa bolti. Kuna kitu hakijakaa mahali pake. Inua, tazama, rudia.

Kaza bolti kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa mizunguko mitatu. Baada ya kila mzunguko, geuza shafti kwa mkono. Iendelee kuwa nyepesi. Ikiwa nzito ghafla, simama na utafute sababu.

Weka injini mahali tambarare. Tia oili mpya. Injini ya nguvu za farasi tano na nusu huchukua kama lita 0.6. Ijaze mpaka mdomo wa tundu la kujazia. Rudisha tangi na waya wa plagi, jiko likiwa limezimwa.

Washa injini nje, kamwe si ndani ya nyumba. Moshi wake huua bila harufu ya onyo. Iache iende bila mkanda kwa dakika kumi. Sikiliza. Zima. Tazama kama oili inavuja. Baada ya saa chache za kazi, mwaga oili hiyo na utie mpya, ili chembe za chuma zitoke.

12. Kwa nini beringi ilikufa?

Usipotafuta sababu, beringi mpya itaifuata ya zamani. Sababu kubwa ni nne: oili kidogo, oili chafu, vumbi lililoingia, na mkanda uliokazwa mno.

Kwetu sababu ilikuwa mkanda. Tuliukaza kama uzi wa zeze, tukidhani mashine itapata nguvu. Mkanda ulivuta shafti upande mmoja siku nzima. Sasa tunaupima. Bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Ushuke kama unene wa kidole kimoja.

Leo kikundi chetu kina daftari la injini. Kila asubuhi mtu mmoja hutazama oili, hubonyeza mkanda, kisha huandika tarehe na jina lake. Anayelitunza ni yule mama aliyesoma namba. Katika ukurasa wa kwanza ameandika 6205. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maneno mapya

Beringi: kitu chenye gololi kinachoifanya shafti izunguke kwa wepesi.
Gaskiti: karatasi ngumu inayozuia oili isivuje kati ya vyuma viwili.
Mshazari: kwenda upande, kutokuwa sawasawa.
Mkabala: upande unaotazamana na mwingine.
Sili: pete ya mpira inayozuia oili isitoke kando ya shafti.
Tanuka: kuwa kubwa zaidi kwa sababu ya joto.
Sinyaa: kuwa dogo zaidi.

Maswali

1. Mzee alifanya kosa gani alipokwenda mjini mara ya kwanza?
2. Mwalimu alifanya kosa gani? Kosa lipi lilileta hasara kubwa zaidi? Kwa nini?
3. Beringi ina sehemu ngapi? Zitaje.
4. Beringi imeandikwa 6207. Tundu lake la ndani lina milimita ngapi?
5. Unaingiza beringi ndani ya kifuniko. Utagonga pete ipi?
6. Kwa nini tunalitoa tangi la petroli kabla ya kuwasha jiko?
7. Tone la maji likikimbia kama gololi juu ya kifuniko, utafanya nini?

Kazi ya kufanya

Tafuteni beringi mbovu ya baiskeli, ya injini au ya mashine ya kusaga. Ioshe kwa mafuta ya taa. Kila mmoja aisome namba na kuiandika katika daftari. Kama haina namba, pimeni kwa rula tundu la ndani, upana wa nje na unene.

Kisha andika barua fupi kwa mwenye duka. Mweleze beringi unayotaka: namba yake, herufi zake na idadi. Andika kwa namna ambayo hata mtoto akitumwa na barua hiyo, ataletewa beringi iliyo sawa.